Usimwambie Biharusi Siasa Haimhusu



Leo hatuna hina, hatuna udi, hatuna pishi la biriani. Leo tuna ugomvi. Tunagombana na nasaha moja ambayo huwa inapenyezwa katika usia wa biharusi, Unguja, Pemba na bara pia. Mara hii tumeisikia Makanya.

Kwa asiyepajua, Makanya ni mji mdogo wa wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro. Ukitokea Dar es Salaam au Tanga kwa basi la kwenda Moshi, unaukuta kabla hujafika Same mjini, jua kali, mkonge, milima ya Upare imesimama juu yako kama ukuta. Reli ya Tanga inapita hapo. Panachimbwa jasi. Msikiti na kanisa ni majirani wa siku nyingi, na dada zetu wa visiwani wako walioolewa pande hizo wakazaa na wakazoea.

Katika kikao cha wanawake cha harusi moja huko, bibi mmoja mwenye heshima zake alimuusia biharusi mambo mengi mazuri: sala, usafi, ulimi laini, wakwe. Kisha akamalizia kwa kusema kwamba mambo ya serikali na sheria awaachie wanaume, asiyaseme, asiyaandike, asiyatume kwenye simu, kwani mwanamke mwenye stara hana siasa. Wanawake wakaitikia amin.

Bibi tunamheshimu. Usia huo tunaupinga wote.

Sisi tunasema hivi: mwanamke anayeitaka stara yake idumu hana budi kuijua siasa. Hatusemi kadi za vyama wala kupanda jukwaani, anayetaka hayo na ayafanye kwa adabu zake. Tunasema kuijua sheria inayomgusa, kuisemea inapokuwa nzuri na kuilaumu inapokuwa mbaya. Sheria za usalama na sheria za mitandao zimeshaingia chumbani kwa biharusi, na ziliingia bila kupiga hodi.

Tuanzie mkobani mwako

Fungua simu yako, dada. Kuna nini humo? Kuna picha za singo. Kuna picha za usiku wa hina, kichwa wazi, mabega wazi, mwenyewe na shoga zako mkicheka. Kuna maneno ya bwana wako ambayo hata mama yako mzazi hajayaona. Kuna sauti ya dada yako akilia kwa mambo ya nyumbani kwake. Kuna majibu ya hospitali. Baibui unalivaa ukitoka mlangoni, lakini yote ambayo baibui linayaficha yamo ndani ya hicho kioo.

Sasa sikiliza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika bara na Zanzibar, inampa mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kama chake, uwezo wa kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa cha mawasiliano kwa ajili ya upelelezi. Hakimu halazimiki kuulizwa kwanza. Kwa hiyo baina ya picha zako za singo na macho ya mwanamme usiyemjua pamesimama saini ya ofisa mmoja tu.

Ajabu ni kwamba sheria zetu zinaijua stara zikitaka. Sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai inasema mwanamke akihitaji kupekuliwa mwilini, apekuliwe na mwanamke mwenzake, na heshima yake ilindwe. Hili ni jema na tunalishukuru. Lakini picha za mwili huohuo zikiwa ndani ya simu, ulinzi ule hauzifuati. Mwili una askari wa kike, picha ya mwili haina. Nani atalisema hili kama sisi hatulisemi? Mwanamme gani ataamka alfajiri akahangaishwa na picha zako za hina?

Na kosa lenyewe laweza kuwa dogo kuliko unavyodhani. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo kwa njia ya kompyuta: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Uongo ni haramu, na hatumtetei mwongo. Lakini ukisambaza habari ya bei ya mchele, au ya dawa kukosekana hospitalini, au ya boti kuchelewa, kisha mkubwa fulani akasema si kweli, ni yeye atakayeanza kwa kukuita mwongo na ni wewe utakayeanza kuitafuta shilingi milioni 5. Mahakama huja baadaye. Kituo cha polisi huja kwanza, na simu huenda kituoni pamoja nawe.

Ongeza na haya. Tangu mwaka 2020 laini zetu za simu zimefungamanishwa na alama za vidole vyetu. Kabla yake, mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wanaoandika kama sisi kuomba leseni, na gharama zake zilipita shilingi milioni 2. Mama anayefundisha kusuka ukili au kupika halua, akitaka kuwaandikia wenzake, alitakiwa kwanza atafute fedha ambazo kwa wengi ni mtaji wa duka zima. Hayo yote yalijadiliwa wapi? Yalijadiliwa mahali ambapo tumeambiwa tusitie mguu.

"Kama huna kosa, unaogopa nini?"

Hili ndilo jibu tunalopewa kila tukisema, na linasemwa kwa kujiamini kama kwamba ni hadithi sahihi.

Tunamjibu msemaji hivi. Mlango wa chumba chako una komeo. Je, umeweka komeo kwa sababu unaiba? Bafu lako lina pazia. Je, unalo kwa sababu unafanya uovu ndani? Mtu hufunga mlango kwa sababu ana heshima. Mola wetu katika Suratun Nuur ametuamrisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na tuwasalimie wenyewe, na katika Suratul Hujuraat ametukataza kupelelezana. Hakusema kwamba wenye nyumba safi tu ndio wanaostahiki hodi. Hodi ni haki ya kila mwenye mlango.

Kwa hiyo dada anayesema polisi waombe ruhusa ya hakimu kabla ya kufungua simu ya mtu hasemi jambo la kizungu wala la upinzani. Anasema piga hodi. Mswahili gani asiyeijua hodi?

Usalama nao ni neema

Hatutaki kusomwa vibaya. Usalama ni neema kubwa, na aliyeupoteza ndiye anayeujua. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, Dar es Salaam 11, na wengi wao walikuwa Waafrika waliokwenda kutafuta riziki asubuhi ile. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi, watoto wa watu. Kwetu Zanzibar tuliona tindikali ikimwagiwa sheikh mwaka 2012 na padri akipigwa risasi mwaka 2013. Anayefanya haya ni adui wetu sote, na serikali ina wajibu wa kumsaka, kumkamata na kumfikisha mbele ya hakimu.

Neno letu limo katika hilo la mwisho: kumfikisha mbele ya hakimu, na hakimu akaamua. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilitungwa mwaka 2002. Kosa la ugaidi halina dhamana. Maana yake, mtu akishitakiwa nalo atakaa mahabusu mpaka kesi iishe, na kesi inaweza kutajwa na kuahirishwa, kutajwa na kuahirishwa, upelelezi haujakamilika, mpaka mtoto aliyeachwa tumboni akaanza skuli.

Tunazungumza jambo lililotokea. Viongozi wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu, wakiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, walifikishwa mahakamani Dar es Salaam mwaka 2014 pamoja na wenzao kwa mashtaka ya ugaidi. Juni 2021 mashtaka yakafutwa, wakarejea visiwani. Baina ya tarehe hizo mbili ni takriban miaka saba. Hatuko hapa kuwahukumu wala kuwasafisha, na wako wasomaji wetu waliowapenda na wako wasiokubaliana nao hata kidogo. Hoja yetu ni kwamba hapakuwa na hukumu. Hakimu hakusema wana hatia, wala hakusema hawana. Ilipita miaka saba, kisha mlango ukafunguliwa.

Sasa fikirini wake zao.

Dini yetu imempa kila mwanamke aliyetenganishwa na mumewe hali yake na hukumu yake. Mjane ana eda yake, miezi minne na siku kumi. Aliyeachwa ana eda yake. Hata mke wa aliyepotea, asijulikane yu hai au amekufa, mafakihi wamemfungulia mlango wake. Kila mmoja ana jina na watu wanajua wamtendeeje. Mke wa mahabusu hana jina. Si mjane, hakuachwa, mume hakupotea, anajulikana aliko. Kila siku ya kesi apande boti, avuke bahari, apange foleni, amwone mumewe kwa dakika chache, arudi na jibu la kuahirishwa. Nauli ni yeye, ada ya skuli ni yeye, maneno ya mtaa ni yeye, na usiku ni wake peke yake. Sheria ilimlenga mume. Pigo likampata mke.

Je, huyu naye tumwambie siasa haimhusu?

Na asidhani mtu kwamba jambo hili ni la Waislamu peke yao. Julai 2021, mwezi mmoja tu baada ya masheikh kutoka, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, Freeman Mbowe, Mkristo, mtoto wa mkoa huohuo wa Kilimanjaro ilipo Makanya, alikamatwa na baadaye akashitakiwa kwa sheria hiyohiyo ya ugaidi. Machi 2022 mashtaka yakafutwa. Dini tofauti, hoja tofauti, sheria moja na mwisho uleule. Sheria ikiwa pana kiasi hiki haiulizi unaswali wapi. Ndiyo maana dada wa msikitini na dada wa kanisani pale Makanya wanapaswa kuliona ni jambo lao pamoja.

Wako waliojaribu kupinga mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachonyima dhamana kwa makosa kama haya kinakwenda kinyume na Katiba. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Kwa hiyo mlango umerudishiwa, na waliobaki nje yake wengi ni wanawake wenye vikapu vya chakula.

Aliye bondeni na maji ya juu

Watu wa Makanya wana somo kwetu katika hili, na wanalo bila kulisoma chuoni. Makanya iko bondeni. Mvua inayonyesha juu milimani, pande za Vudee na Bangalala, ndiyo inayowashukia mashambani kwa msimu. Upareni kote kuna ndiva, mabwawa ya asili ya kukusanyia maji ya kumwagilia, yenye zamu zake na kanuni zake. Wa juu akizuia, wa chini anakauka. Wa juu akiachia ovyo, wa chini anafurikiwa. Hakuna Mpare atakayemwambia mkulima wa bondeni kwamba maji ya juu hayamhusu. Ni yeye hasa yanayemhusu, kwa kuwa hana pengine pa kuyapata.

Sheria nayo hutungwa juu, Dodoma au Chukwani, ikateremka. Bondeni kabisa, mwisho wa mkondo, yuko mwanamke na watoto wake. Anayempokea mume aliyefukuzwa kazi ni yeye. Anayemtafuta kijana aliyechukuliwa usiku ni yeye.

Oktoba 2025, siku ya uchaguzi na siku kadhaa baada yake, intaneti ilizimwa nchini. Watu waliuawa katika vurugu za siku zile, na idadi yao imebaki jambo la mabishano. Siku hizo mama aliye Pemba hakuweza kupata ujumbe wa mwanawe aliye Mwanza. Dada anayeuza kanga na manukato kwa simu hakuuza hata kipande kimoja. Hawakuwa na chama, hawakuandika neno. Walikaa kimya kama walivyousiwa, na mafuriko yakawafika palepale walipokaa.

Wanawake wa Upareni walishatangulia

Tena Upareni ni mahali pa mwisho ambapo mtu angefaa kusema wanawake hawana siasa. Tunawakumbusha wenyeji, na sisi wageni tunajifunza.

Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliwatwika Wapare kodi iliyojulikana kwa jina la mbiru, kodi ya kumkadiria mtu mmoja mmoja kwa mali yake. Mwaka 1945 watu wakashuka milimani kwa maelfu, wakaenda Same penye makao ya mkuu wa wilaya, wakapiga kambi pale, hawakupigana, wakakataa kuondoka. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mashuhuri wa nchi hii na mtoto wa Upareni, ameiandika habari hiyo.

Waume wako Same, mashamba na watoto wako milimani. Wanawake wangeweza kukaa na kusema hayo ni ya wanaume. Hawakukaa. Waliandamana wao wenyewe, wakamkabili mzungu wa serikali, wakamtaka amalize shauri ili waume zao warudi majumbani, na wakamwambia kwa maneno makali ya kike ambayo hatuyaandiki hapa kwa kuwa na mabinti wanasoma. Muongo ule haujaisha, mbiru ilikuwa imeondolewa.

Angalieni walichodai. Walidai waume zao warudi, na dai hilo limetoka jikoni na chumbani, mahali ambapo tunaambiwa ndipo petu. Walijua kwamba kodi imeshaingia ndani, hivyo wakatoka nje kuifuata. Hakuna anayesema leo kwamba bibi zao hawakuwa na stara.

Na dini imesema nini?

Wapo watakaokuja na neno la fitna. Watasema sauti ya mwanamke katika mambo ya utawala ni fitna. Tuwajibu kwa upole.

Khawla bint Thaalaba, Mwenyezi Mungu amridhie, alidhulumiwa na desturi iliyokuwa ikimwacha mwanamke akining'inia, si mke wala si aliyeachwa. Alikwenda kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akajadiliana naye na akamshitakia Mola wake. Hakuambiwa anyamaze arudi jikoni. Ilishuka sura, na jina la sura hiyo ni Al-Mujaadila, na desturi ile ikavunjwa. Mwanamke aliyening'inizwa na hukumu mbaya alijadili, na Mola akatangaza kwamba amemsikia. Mke wa mahabusu asiye na jina ana dada yake katika Qur'ani.

Ummu Salama, mama wa waumini, siku ya Hudaybiya, maswahaba walipokuwa wazito kwa huzuni, ndiye aliyetoa shauri na shauri lake likafuatwa. Na bibi harusi wote wanakijua kisa cha mwanamke aliyempinga Sayyidna Umar alipotaka kuweka kikomo cha mahari. Wanazuoni wa hadithi wamezungumza juu ya sanadi yake, kwa hiyo hatukifanyi nguzo. Lakini tunauliza: mbona mnatusimulia kisa hicho kila harusi ikiwa jambo ni mahari, na mnakisahau jambo likiwa ni dhamana?

Suratun Nisaa inatuamrisha tusimame na uadilifu hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Amri hiyo wameambiwa walioamini. Haikuandikwa wanaume.

Adabu za kubishana

Kusema tuseme, lakini kuna namna. Anayepigania haki kwa ulimi mchafu anampa mwenzake sababu ya kutunga sheria kali zaidi.

Hakikisha kabla ya kusambaza. Suratul Hujuraat imetufundisha habari ikija tuichunguze, tusije tukawadhuru watu bila kujua. Tazama nani kaisema, lini, na wapi. Picha ya Sudan isitumwe kuwa ni ya Buguruni.

Usitume picha za maiti wala za mwanamke aliyevuliwa nguo katika vurugu. Ukiitaka stara yako, linda ya mwenzio.

Jadili sheria, usitukane mtu. Sema kifungu fulani kinaumiza kwa sababu fulani. Kumtukana kiongozi, kabila lake, kisiwa chake au mama yake hakujamtoa mahabusu hata mtu mmoja.

Na mumeo ashirikishwe. Mwanamke anayezungumza na mumewe jambo zito kabla ya kulala amefanya siasa bora kuliko matusi mia. Mume mwema hamwogopi mke anayeijua sheria, kwa maana siku akichukuliwa yeye, huyo mke ndiye atakayejua aanzie wapi.

Kusema kunafaa, majirani wametuonesha. Kenya ilipitisha sheria kali ya marekebisho ya usalama Desemba 2014. Watu wakalalamika, wakaenda mahakamani, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane. Uganda, Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kilichotumika kuwashitaki watu kwa maneno yaliyoitwa ya kuudhi. Kenya haikuporomoka, Uganda haikuporomoka. Polisi wao bado wanakamata wahalifu.

Tunachotaka

Tunataka simu ya mtu isipekuliwe ila kwa hati ya hakimu, na simu ya mwanamke ipekuliwe na mwanamke, kama ilivyo kwa mwili wake.

Tunataka upelelezi uwe na kikomo. Mwenye ushahidi aulete. Asiyekuwa nao amwachie mtu arudi kwa watoto wake, na akiupata siku nyingine amwite.

Tunataka kosa la taarifa za uongo limshike aliyekusudia kudhuru, lisimshike mama aliyetuma aliloletewa akidhani ni kweli.

Na makungwi, masomo na mashangazi wa pande zote tunawaomba mbadilishe usia. Mfundisheni biharusi sala, usafi na ulimi laini. Kisha mwambieni na haya: namba ya wakili au ya msaada wa kisheria iwe imeandikwa kwenye karatasi, maana simu yaweza kuchukuliwa. Mumeo au ndugu yako akikamatwa, uliza kwa sauti ya upole kosa ni lipi, kituo ni kipi, na ofisa ni nani, kisha andika saa na tarehe. Usitie saini karatasi usiyoisoma. Picha za stara usizirundike kwenye simu, zilizokwisha kutazamwa zifutwe. Cheti cha ndoa na vya watoto viwe na nakala kwa mama yako. Hayo nayo ni matunzo ya nyumba, sawa na kujua kufukiza udi.

Ee Mola wetu, tupe usalama usiokuwa wa dhulma, na uhuru usiokuwa wa fitna. Walio mahabusu bila hatia wafungulie, wake zao wape subira na riziki, na wanaotutungia sheria watie huruma katika nyoyo zao. Amin.